Kaka katuma pesa, fundi kaanza kazi, na sasa tumesimamishwa

Assalaam alaykum Maalim,

Mimi ni mkaazi wa Kiponda, Mji Mkongwe, nina miaka 41. Naishi na mama katika nyumba aliyotuachia marehemu baba yetu, aliyefariki 2011. Ni nyumba ya mawe na boriti, chini na dari mbili (ghorofa mbili juu), na ukuta wake wa upande wa kibla tunachangia na jirani, bibi mtu mzima ambaye tangu utotoni tunamwita Bi Mkubwa. Tumo watoto sita, wanawake watatu na wanaume watatu. Mwanamme mmoja tumechangia naye baba tu. Mama yake aliachwa zamani, na ndugu huyo yuko Wete. Mirathi hatujagawana. Nyumba imekaa vivyo hivyo, anayeishi anaishi.

Mama ana miaka 74 na magoti yamemshinda. Chumba chake kiko dari ya kwanza, choo kiko chini uwani. Ngazi zetu unazijua, zimesimama kama za kupandia mnazi. Usiku akitaka kwenda chooni hushuka kwa makalio, kipandio kimoja kimoja, nami nimemtangulia na tochi. Kaka yetu mkubwa anayefanya kazi Muscat alipokuja likizo akayaona haya, akalia. Aliporudi akatuma milioni 9. Akasema mama atengenezewe choo na bafu pale pale dari ya kwanza, na kwa kuwa fundi yupo na vifaa vipo, tuongeze na chumba kimoja juu kabisa, tupangishe wageni, pesa yake irudi.

Fundi tuliyempata amejenga nyumba nyingi Ng'ambo na mashamba, na kazi zake nimeziona, ni nzuri. Nilimuuliza habari ya kibali. Akanijibu, "Dada, kibali ni cha mtu anayejenga nyumba mpya. Wewe unatengeneza ndani ya nyumba yako, nani atakuona?" Maneno yale yalinipendeza, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Siku ya kwanza wakavunja sakafu ya chumba kilicho ubavuni mwa cha mama, wakatoa boriti nne ili wamwage zege. Mbili zilikuwa nzima kabisa. Mbili, zile ncha zilizoingia ukutani, fundi alichoma bisibisi ikazama kama kwenye boga. Kifusi wakakirundika pembe ya ukumbi wa dari ya kwanza, kinafika kiunoni. Juu walishafumua bati kidogo ili wapime chumba kipya. Siku ya tatu ukatokea ufa kwenye ukuta wa kibla, kuanzia pale zilipotoka boriti, unapanda mshazari. Leo sarafu ya shilingi 200 inaingia ubavu. Upande wa Bi Mkubwa kidaka chake, kile kishubaka cha ukutani cha kuwekea vyombo, kimepasuka juu, na sahani zake za kale amezishusha akazifunga kwenye kanga. Hakunigombeza. Aliniita tu akanionyesha.

Kesho yake wakaja wakaguzi wa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, wakatupa barua ya kusimamisha kazi. Fundi, ambaye ameshachukua milioni 5, anasema mambo ya kibali ni ya mwenye nyumba. Jamaa mmoja wa mtaani kaniambia nimpe laki nane, atatupitishia karatasi ndani ya wiki. Kaka kwenye simu anasema tumalize usiku usiku, zege likishamwagwa hakuna atakayelivunja. Dada yangu anataka tuache kila kitu kama kilivyo. Na masika hayo yanakuja, bati limefumuliwa.

Maalim, nifanye nini? Na kweli mtu anahitaji kibali kumtengenezea mama yake choo?

Mrithi wa Kiponda

*

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu.

Usiku wa leo mama asilale dari ya kwanza, wala chini ya ukumbi ule wenye kifusi asilale mtu yeyote. Kama kuna chumba cha chini upande wa mlangoni, mbali na ukuta wenye ufa, mpelekee kitanda chake huko, na choo kitakuwa karibu naye. Kama hakuna, aende kwa dada yako. Najua wazee wetu wanavyopenda vyumba vyao, mbembeleze. Nimeanza na hili kwa sababu katika barua yako yote kilichonishtua zaidi ni kile kifusi cha kiuno, kuliko hata barua ya kusimamishwa.

Fikiria sakafu yenu ilivyo. Boriti za mikoko zimelazwa ukuta kwa ukuta, zimekaribiana. Juu yake yamepangwa mawe ya matumbawe, kisha udongo na chokaa, ikatwangwa mpaka ikawa ngumu. Sakafu ya namna hiyo ni nzito, na boriti zimeubeba uzito huo miaka yote kwa sababu kila moja imebeba sehemu yake ndogo. Nyinyi mmetoa nne, halafu mawe yaliyokuwa yameenea chumba kizima mmeyakusanya kwenye pembe moja ya chumba kingine. Na bati limefumuliwa: mvua ikiingia, kifusi hicho kitakunywa maji na kuzidi uzito. Kesho asubuhi tafuta vijana wawili watatu wakiteremshe kwa ndoo, taratibu, kisirushwe dirishani. Mawe mazima yatengwe, yatatumika tena. Zile boriti mbili nzima zisiuzwe wala zisifanywe kuni, ziwekwe pakavu. Juu pafunikwe turubai lililofungwa vizuri, maana upepo wa kaskazi hauna huruma na turubai lililolegea.

Kisha nenda Mamlaka kesho hiyo hiyo, na cha kwanza utakachoomba kiwe ni idhini ya kutia miega, yaani miti ya kuegemeza ukuta na sakafu. Suala la choo lingoje kwanza. Barua uliyopewa imesimamisha ujenzi, haikukuambia ungoje nyumba iwaangukie. Lakini pia usianze kugongagonga kimya kimya, kwa sababu mkaguzi akikuta watu na miti ndani ataona umekaidi, na mwega uliokaa pasipo pake unaweza kuusukuma ukuta badala ya kuushika. Waambie ukweli kama ulivyoniambia mimi: nimetoa boriti nne, ukuta una ufa, naomba mje muone mnielekeze niegemeze wapi. Usijaribu kuficha kitu. Wewe sasa unawahitaji kuliko wao wanavyokuhitaji.

Sasa swali lako la mwisho. Pale ulipo, ndiyo, mtu anahitaji kibali kumtengenezea mama yake choo. Mji Mkongwe una Mamlaka yake tangu 1985, na sheria inayotumika sasa ni ya 2010. Mwaka 2000 mji mzima uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, siyo Ngome Kongwe peke yake au nyumba tatu nne za masultani. Nyumba ya baba yako imo. Ukibadilisha dirisha, ukibandua plasta, ukifungua mlango palipokuwa hapana, ukiongeza choo, unapita kwanza Mamlaka. Neno la fundi wako kwamba "ndani ya nyumba yako" hakuna kibali si kweli hapo Kiponda, na si kweli hata huko Ng'ambo alikozoea, maana kuongeza chumba kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa nako kuna kibali chake. Tofauti ni kwamba huko nyumba ya matofali na nondo inavumilia makosa mengi. Yenu haivumilii.

Nasikia watu wakisema kibali cha Mji Mkongwe ni kwa ajili ya watalii, ili picha zitoke nzuri. Neno hili linaniuma. Mimi nimeingia kwenye nyumba hizi miaka mingi na ninachokiona ni kuta za mawe ya matumbawe zilizounganishwa kwa chokaa na udongo, nene hata nusu mita na zaidi, ambazo nguvu yake iko katika kukaa pamoja. Ukuta unashika boriti, boriti nazo zinauzuia ukuta usifunguke kwenda nje. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu: upana wa chumba ni urefu wa boriti, mita tatu hivi, hauzidi sana. Ukitoa boriti nne mahali pamoja, umetoa mikono minne iliyokuwa imeushika ukuta wa kibla. Ufa wako umeanzia pale pale zilipotoka. Na kwa kuwa ukuta ule ni wa nyumba mbili, Bi Mkubwa amepasukiwa kidaka akiwa amekaa kwake anakunywa chai. Ukimuuliza yeye kibali ni cha kazi gani, atakujibu vizuri kuliko mimi.

Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, tuliliona wote. Jengo la 1883, la Sayyid Barghash, likiwa kwenye matengenezo, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Kama jengo kubwa vile, lenye macho ya nchi nzima juu yake, linaweza kuanguka likiwa mikononi mwa mafundi, basi nyumba ya Kiponda isichezewe usiku kwa taa ya simu.

Nije kwenye zege, kwa sababu hapo ndipo kaka yako na fundi wanapokosea kwa nia njema. Zile ncha mbili za boriti zilizooza hazikuoza kwa uzee. Boriti ya mkoko iliyo kavu inakaa miaka na miaka. Kinachoiua ni maji, na maji yanaipata pale inapoingia ukutani. Nataka uutazame ukuta huo kwa nje na kwa ndani: kuna mahali umepigwa plasta ya saruji? Nyumba nyingi zimepigwa. Chokaa huvuta unyevu na kuutoa tena, ukuta ukapumua. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi yake. Niliwahi kubandua plasta ya saruji kwenye nyumba moja ambayo wenyewe waliisifu kwa kuwa ilikuwa kavu na laini kwa mkono. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa kama tambara la kudekia, na udongo ukatoka na vidole. Boriti za hapo zilikuwa kama zako, boga tupu.

Sasa mwaga zege juu ya ukuta wa namna hiyo. Zege halifuati mwendo wa ukuta wa chokaa, ni gumu, linakaa kama ubao wa chuma juu ya mto. Ncha zake mtazichimbia ukutani, na kuchimba kwenyewe kunazidi kuulegeza. Nondo zikikutana na unyevu wenye chumvi zinashika kutu, zinavimba, zinapasua zege kutoka ndani. Halafu juu ya zege hilo mnaweka bafu, yaani maji kila siku, katikati ya nyumba, mahali ambapo likivuja hakuna atakayeona mpaka dari ya chini iote madoa.

Na chumba cha juu kabisa? Tufanye hesabu pamoja. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kuta za tofali za inchi 6 kinakula matofali kama 300, na tofali moja lililojaa halipungui kilo 25. Hizo ni tani saba na nusu, kuta tu. Funika kwa zege la sentimita 15, ongeza tani nne na kidogo. Mgeni anataka kuoga, kwa hiyo mtaweka tangi la lita 2,000, hizo ni tani mbili za maji peke yake. Tunakaribia tani 14 juu ya ukuta ambao sarafu inaingia. Sihitaji kuwa mkaguzi wa Mamlaka kusema hapana. Ningekuwa kaka yako ningesema hapana mwenyewe.

Choo cha mama, lakini, kinawezekana, na hapa nataka unisikilize vizuri maana hili ndilo la kupigania. Tazama nyumba yenu: choo cha zamani kiko chini uwani. Katika nyumba nyingi za mji huu wazee waliweka vyoo pembe moja, juu kwa juu, na maji wakayazuia huko huko pembeni, vyumba vya kulala vikabaki vikavu. Uliza kama juu ya choo chenu cha chini, dari ya kwanza, kuna nafasi, hata kama leo ni stoo. Choo kikikaa hapo, bomba linateremka moja kwa moja upande wa uwani hadi kwenye karo, halipasui sakafu ya chumba chochote wala halitazami mtaani. Na bomba liwe nje ya ukuta, lionekane. Fundi atataka kulichimbia ndani ili papendeze, mkatalie. Likivuja mnalijua siku hiyo hiyo. Chumba cha mama kihamie kilicho jirani na hapo. Sakafu iliyovunjwa irudishwe kama ilivyokuwa, kwa boriti na mawe na chokaa, na boriti zilizooza zibadilishwe. Ombi la namna hii Mamlaka italisikiliza kwa sababu linairudishia nyumba ilichonyang'anywa na linampa mama anachohitaji. Ukilifunga kifurushi kimoja na chumba cha wageni, choo cha mama kitakaa kwenye meza kikingoja mabishano ya chumba. Viombe mbalimbali. Chumba cha juu kiacheni kwanza. Baadaye, ukuta ukishapona na mhandisi akiupima, mnaweza kuuliza habari ya kibanda chepesi cha mbao, kama vile vibanda vya kupungia upepo tunavyoviona juu ya mapaa.

Lakini kabla ya ramani na fomu, kuna jambo umelipitia haraka kwenye barua yako, na wengi mnalipitia haraka. Nani anaomba kibali? Kibali huombwa na mwenye nyumba. Wewe unasema "nyumba yetu," kaka anasema "pesa yangu," fundi anasema "mwenye nyumba." Mwenye nyumba ni nani? Ikiwa warithi wa baba yako ni hao ulionitajia tu, na hakuna deni wala wasia, mama yako ana thumuni. Kinachobaki kinagawiwa, mwanamme mafungu mawili, mwanamke moja. Ukiigawa nyumba mafungu 72, mama ana 9, kila mmoja wenu wanawake ana 7, kila mwanamme ana 14. Wewe unayeandika barua hii una 7 katika 72, hata sehemu moja ya kumi haifiki. Kaka wa Muscat aliyetuma pesa yote ana 14. Na yule ndugu yenu wa Wete, ambaye sikuona popote kwamba mlimuuliza, naye ana 14, sawasawa na kaka. Akija kesho akasema mmeivunja nyumba yake bila idhini yake, atakuwa na haki.

Kwa hiyo mpigie simu ndugu wa Wete leo. Usianze na kibali, anza na hali ya mama na ufa, mueleze kama ndugu. Kisha muandike karatasi moja ya warithi wote, kila mtu atie saini, mseme mmekubaliana matengenezo gani na mmemchagua nani kusimamia ombi. Kaka anaweza kusaini huko huko aliko na kuituma. Kama mirathi haikuwahi kufunguliwa rasmi, nendeni Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana au Mahkama ya Kadhi mpate hati inayowataja warithi. Mtaihitaji tu, ikiwa si kwa choo basi kwa siku ambayo mmoja wenu atataka kuuza. Miaka mingi imepita tangu baba yenu afariki na nyumba bado ina jina lake peke yake. Msiiache ifike kwa wajukuu hivyo hivyo.

Karatasi hizo ukiwa nazo, pamoja na hati ya nyumba kwa sura yoyote mliyonayo, ndipo unapotafuta mchoraji. Atakuchorea mbili: nyumba ilivyo sasa, na nyumba itakavyokuwa. Ile ya kwanza watu huidharau, wanaona wanalipia kuchorewa kitu wanachokijua. Mimi naithamini kuliko ya pili. Humo ndimo inapoonekana ukuta gani unabeba na upi ni wa kugawia tu, boriti zinalala upande gani, choo cha chini kiko pembe ipi. Kwa hali ya ukuta wenu, mtafute na mhandisi aliyesajiliwa auangalie ufa na aandike maneno yake kwenye karatasi. Mkaguzi atakuja kulinganisha. Nyumba za mji huu zina daraja zake za uhifadhi, kwa hiyo muulize mapema yenu iko daraja gani, maana masharti ya mlango, dirisha na rangi hutegemea hapo. Na ukimuonyesha mkaguzi kwamba umeelewa kosa, utashangaa anavyoweza kukusaidia kwa mawazo. Wengi wao wanazipenda nyumba hizi kama tunavyozipenda sisi.

Jamaa wa laki nane mwambie ahsante, hapana. Karatasi atakayokuletea, hata kama ina muhuri, haitakuwa na mtu aliyeupima ukuta wako nyuma yake, na ukuta hausomi mihuri. Ada yoyote ya kibali lipa kwa utaratibu wa ofisi na upewe stakabadhi. Akirudi kukusumbua, au akikutajia jina la mtu wa ofisini, ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar, ipo kwa kazi hiyo.

Fundi ameshika milioni 5 zenu. Kaa naye kitako mbele ya mtu mzima mmoja, mpige hesabu ya kazi iliyofanyika na vifaa vilivyonunuliwa, iliyobaki airudishe au iandikwe. Simwiti mwizi. Ni fundi wa matofali aliyepewa nyumba ya mawe, na kosa la kumpa ni lenu. Kazi ikirudi, mtafuteni mwashi anayejua chokaa. Muulize tu atailoweka muda gani kabla ya kuitumia. Akikuambia anachanganya na saruji kidogo "ili ishike haraka," muage kwa wema.

Dada yako anayetaka muache kila kitu, mwambie kwamba sakafu iliyovunjwa haikai ikingoja. Na kaka mpigie simu ya picha, usimwandikie. Simama karibu na ufa, chomeka ile sarafu aione ikiingia. Mtu aliye mbali hujenga kwa macho ya likizo. Anaikumbuka nyumba ilivyokuwa na mama anavyoshuka ngazi, basi. Mwambie zege likimwagwa usiku linaweza kuamriwa livunjwe mchana, na nyundo za kulivunja zitaupiga ukuta huo huo. Mwambie pia pesa yake haijapotea: milioni 4 zilizobaki ndizo zitakazoanza na miega, mchoraji na mhandisi, na choo cha mama kitafuata kibali kikitoka.

Kwa Bi Mkubwa nenda leo kabla ya magharibi, na usiende mikono mitupu. Mwombe radhi kwanza, kisha mwahidi kidaka chake kitatengenezwa kwa chokaa kwenye kazi hiyo hiyo, na muandike hivyo kwenye ombi la kibali. Mwombe akuruhusu kuupiga picha ukuta kwa upande wake.

Ukiwa kwake, chukua vipande viwili vyembamba vya kioo, kila kimoja urefu wa kidole. Kimoja kibandike upande wake na kingine upande wenu, kikatize juu ya ufa, ncha mbili zishikwe na plasta ya jasi iliyo imara, katikati kioo kibaki wazi. Andika tarehe ukutani kwa penseli. Kila asubuhi kiangalie bila kukigusa. Kikikatika, ukuta bado unatembea. Toeni watu wote nyumba zote mbili na uwapigie Mamlaka saa hiyo hiyo. Kikibaki kizima, kipige picha kila siku, na picha hizo zitie kwenye bahasha moja na karatasi ya warithi.